Udongo Unaoshika: Taka za Mionzi Huzikwa Wapi?

  Mama uliye Timbwani, Mtongwe, Bofu au Shika Adabu, nyanya unayelea wajukuu, shangazi, dada mkubwa, na wewe baba uliyebaki na watoto leo: vuta kiti karibu na redio. Kama jirani yako ni mjamzito, mwite naye asikilize.

Leo nina maswali mawili. Ukiyasikia utadhani hayahusiani kabisa. La kwanza huulizwa kila siku kliniki: "Huu udongo wa kula tunaonunua sokoni una ubaya gani kwa mwenye mimba?" La pili lilisikika sana mwaka 2024, wakati wakazi wa Uyombo kule Kilifi walipoandamana kupinga mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa nuklia. Akina mama waliuliza: "Wakijenga, hizo taka zake watazitupa wapi?"

Utashangaa, mama, kwamba maswali haya mawili yanajibiwa na kitu kimoja, nacho ni udongo wa mfinyanzi. Udongo huu una tabia moja kubwa: hushika. Tabia hiyo ikiwekwa mahali pake huokoa watu. Ikiwekwa mahali pasipo pake, hudhuru. Tufuatane polepole.

Taka zenye mionzi ni nini?

Mionzi ni nguvu inayotoka ndani ya baadhi ya madini. Huioni kwa macho. Haina harufu wala ladha. Ikiwa kidogo na ikitumiwa na mtaalamu, inasaidia: huua uvimbe wa saratani, hukagua viungo vya mabomba, hupima vitu viwandani. Ikiwa nyingi, huunguza mwili kwa ndani, na miaka ya baadaye inaweza kuleta saratani. Mtoto mchanga na mtoto aliye tumboni huathirika zaidi kuliko mtu mzima, kwa sababu miili yao bado inajengwa.

Hapa nitoe hofu moja. Mashine ya eksirei ikizimwa, haina mionzi tena, kama taa ikizimwa haina mwanga. Kwa hivyo usiogope kupita mlangoni pa chumba cha eksirei. Lakini ukiambiwa upigwe picha na una mimba, au unadhani huenda unayo, mwambie mhudumu kabla hujaingia.

Vitu vingine havina swichi ya kuzima. Chembe ya kobalti iliyotumika kutibu saratani, au ya iridiamu inayotumiwa na mafundi wa mabomba, huendelea kutoa mionzi usiku na mchana hata ikichakaa. Hizo ndizo taka zenye mionzi. Nchi haihitaji kuwa na kiwanda cha nuklia ndipo iwe nazo. Kenya inazo tayari.

Sasa sikiliza hesabu yake. Kila aina ina muda ambao nguvu yake hupungua nusu. Ayodini ya hospitalini hupungua nusu kwa siku 8. Kobalti, kwa miaka 5 hivi. Sesiamu, kwa miaka 30. Plutoniamu, inayopatikana katika taka za kiwanda cha umeme wa nuklia, huchukua miaka 24,000 kupungua nusu tu, kisha 24,000 mingine kupungua nusu ya ile iliyobaki. Hakuna serikali, ukuta wala askari wa zamu anayeweza kulinda kitu muda huo wote.

Je, tuzichome? La. Moto hauui mionzi, huitawanya kwa moshi na majivu. Je, tuzitupe baharini? Baadhi ya nchi zilifanya hivyo zamani, lakini mwaka 1993 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku kabisa kutupa taka za mionzi baharini. Kwa hivyo wataalamu wakauliza: kuna kitu gani duniani kinachoweza kukaa bila kubadilika kwa miaka laki na zaidi? Jibu lao ni mwamba. Na katika miamba, mojawapo ya inayoaminiwa sana ni mwamba wa udongo wa mfinyanzi.

Udongo hushikaje?

Udongo wa mfinyanzi umetengenezwa na chembe ndogo mno, bapa, zilizolaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Nafasi baina ya chembe ni finyu sana hata maji hushindwa kupita. Ukichimba shimo katika mchanga wa Shelly Beach na kumwaga ndoo ya maji, yatazama mara moja. Yamwage kwenye dimbwi lenye udongo mzito wa mfinyanzi, yatakaa siku nyingi. Sasa fikiria udongo huo umeshindiliwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka mpaka ukawa jiwe. Maji ndani yake yanasogea kwa mwendo ambao huwezi kuupima kwa maisha ya mtu. Na taka haiwezi kutoka kaburini bila kubebwa na maji.

Tabia ya pili: chembe za udongo huvuta. Madini kama sesiamu yakipita karibu, hunata kwenye chembe kama vumbi kwenye kitambaa chenye mafuta. Si yote. Ayodini, kwa mfano, hainati vizuri. Ndiyo maana wataalamu hutafuta mwamba mnene wa makumi ya mita, ili hata kile kisichonata kichukue muda mrefu mno njiani, na nguvu nyingi za taka ziwe zimeisha.

Tabia ya tatu unaijua ukiwa umelelewa katika nyumba ya kukandika. Kiangazi ukuta hupasuka nyufa. Mvua ikija, udongo hunywa maji, huvimba, na nyufa ndogo hujifunga zenyewe. Mwamba wa udongo nao, ukipasuka wakati wa kuchimba njia, unaweza kuvimba na kujiziba.

Lakini udongo una adui, naye ni joto. Mfinyanzi akichoma mtungi wake, udongo ule haurudi kuwa tope tena, wala hauvimbi. Taka za kiwanda cha nuklia ni moto zinapotoka. Kwa hivyo hazizikwi siku hiyo wala mwaka huo. Hupozwa kwanza kwa miaka mingi, makumi ya miaka. Wafaransa wameweka kiwango kwamba mwamba wao usizidi nyuzi joto 90.

Wenzetu wamefikia wapi?

Ubelgiji walianza kuchimba maabara katika udongo wa mji wa Mol mwaka 1980, mita 225 chini ya ardhi. Uswisi wamechunguza jiwe lao la udongo tangu mwaka 1996 katika mlima wa Mont Terri. Jiwe hilo lina umri wa miaka karibu milioni 175. Mwaka 2022 walitangaza mahali wanapopendekeza kuzika taka zao, panaitwa Nördlich Lägern. Ufaransa wana maabara katika kijiji cha Bure, karibu nusu kilomita chini ya ardhi, na mwaka 2023 waliomba idhini ya kujenga kaburi lenyewe. Nusu kilomita ni kama upana wa maji unayovuka kwa feri hapa Likoni. Sasa usimamishe umbali huo wima kwenda chini, ndipo utaelewa kina chake.

Finland hawana mwamba wa udongo mahali pao pa kuzikia, wana jiwe gumu. Lakini hata wao wamepanga kuzungushia makopo yao ya shaba udongo uitwao bentonaiti, ambao huvimba sana ukilowa. Kila mmoja, kwa njia yake, anamwita udongo amsaidie.

Umeona miaka hiyo, mama? Uswisi walichunguza tangu 1996 hadi 2022 ndipo wakasema, "Hapa." Hii si kazi ya kukurupuka.

Na sisi Waafrika tuna ushahidi wetu, mkubwa kuliko wa maabara yoyote. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba kule Oklo, nchini Gabon, madini ya urani yaliyo ardhini yaliwahi kuwaka yenyewe, kama tanuru ya nuklia, karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Hakuna mtu aliyeyawasha. Na taka zilizotokana na moto ule? Nyingi zimekutwa papo hapo, karibu na zilipozaliwa. Udongo uliozunguka mahali hapo ni mmoja wa waliozishika.

Sasa utaniuliza, "Je, sisi hapa tuna jiwe la namna hiyo?" Chini ya vilima vya Changamwe kuna jiwe la udongo lililotokana na matope ya bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Wataalamu wa miamba wamelipa jina la Changamwe yenyewe. Lakini usikimbilie kusema tumepata kaburi. Kuwa na udongo hakutoshi. Lazima uwe mnene, uwe chini sana, usiwe umekatwakatwa na mipasuko ya ardhi, na usiwe juu yake na mji wa watu. Na upande wetu wa Likoni, sehemu kubwa tumekaa juu ya jiwe la matumbawe na mchanga. Matumbawe yana matundu. Maji hupita humo upesi. Ndiyo sababu choo kikichimbwa karibu na kisima, ugonjwa hufika kwenye ndoo. Kitu cha sumu kikitupwa juu ya ardhi kama hii, hakishikwi.

Taka zetu ziko wapi leo?

Kenya ina kituo cha kuhifadhi taka zenye mionzi kule Oloolua, karibu na Ngong. Huko hupelekwa vyanzo vya mionzi vilivyochakaa kutoka hospitalini na viwandani. Hilo ni ghala lenye ulinzi, si kaburi la kudumu. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nuklia Kenya, ambayo kazi yake ni kusajili na kukagua kila mwenye chanzo cha mionzi.

Hatari kwetu sisi wazazi ni pale chanzo kimoja kinapopotea njiani. Mahali kinapoelekea mara nyingi ni kwenye vyuma chakavu. Na ni nani wanaookota vyuma mitaani ili wauze kwa kilo? Ni watoto wetu.

Nikupe kisa cha kweli. Mwezi wa Septemba mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, wanaume wawili waliingia katika kliniki iliyoachwa na kuchukua chuma kizito ili wakakiuze. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu. Ulipofunguliwa, usiku uling'aa rangi ya samawati. Watu waliona ni kitu cha ajabu na cha kupendeza. Wakagawiana na ndugu na marafiki. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala chakula kwa mikono ileile. Watu wakaanza kutapika na kuungua ngozi. Aliyeshuku kwanza alikuwa mwanamke, mke wa mnunuzi wa vyuma. Aliona watu wa nyumbani wanaugua kwa pamoja, akakipeleka kitu kile kwa maofisa wa afya. Kitendo chake kiliokoa wengi. Lakini yeye mwenyewe alikufa, na yule mtoto alikufa, na wengine wawili. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Mama, jicho la yule mwanamke ndilo ninalotaka uwe nalo. Lakini wewe usikibebe. Fanya hivi:

Moja, wafundishe watoto alama. Ya kwanza ni duara dogo lililozungukwa na mapanga matatu mapana kama ya feni, mara nyingi meusi juu ya rangi ya manjano. Ya pili, iliyoanza mwaka 2007, ni pembetatu nyekundu yenye mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Maana yake ni moja: kimbia.

Mbili, ukiona chuma kidogo kizito kupita kiasi, kopo la chuma lililofungwa kama kufuli, au unga unaong'aa gizani, usikiguse, usikifungue, usikipige nyundo. Ondoa watoto, zuia watu wasikaribie, na mpigie simu polisi au chifu. Waambie waziwazi kwamba unashuku mionzi.

Tatu, aliyegusa avue nguo, azifunge kwenye mfuko na kuuweka mbali, aoge kwa maji na sabuni, asile wala asinyonyeshe kabla ya kunawa vizuri, kisha aende hospitali. Mweleze daktari alichogusa. Kutapika na ngozi kuungua bila moto ni dalili ambazo mtu anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine.

Sasa turudi kwa mama mjamzito

Nilisema maswali yetu mawili yana jibu moja. Baada ya ajali ya kiwanda cha nuklia cha Chernobyl mwaka 1986, majani katika nchi kadhaa za Ulaya yaliingia sesiamu. Baadhi ya wafugaji walichanganya udongo wa bentonaiti katika chakula cha mifugo. Udongo ulishika sesiamu tumboni mwa mnyama, ukatoka nayo kwenye kinyesi, na maziwa na nyama vikawa na sumu kidogo zaidi.

Umeona? Udongo hushika hata tumboni. Lakini tumbo lako wewe, mama, halina sesiamu. Lina madini ya chuma uliyopata kwenye mchicha, maharagwe, samaki na vidonge vya kliniki. Udongo haujui kuchagua. Unaweza kushika hicho chuma, mwili ukakikosa. Na chuma ndicho kinachojenga damu yako na ya mtoto. Uchunguzi uliofanywa kwa wajawazito hapa Pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta zaidi ya nusu yao hula udongo, na kwamba kula udongo kulihusiana na upungufu wa chuma na damu. Mama mwenye damu kidogo akivuja damu wakati wa kujifungua, dakika zake ni chache.

Tena, udongo huingia tumboni na kile ulichokwisha kushika ulikotoka: mayai ya minyoo, au madini ya risasi. Akina mama wa Owino Uhuru, kule Mikindani, wanajua risasi ni nini. Mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia katika udongo, maji na damu ya watoto. Kesi yao ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 ilirudisha uamuzi wa kuwalipa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini fidia haiondoi risasi mwilini mwa mtoto.

Sikukemei, mama. Hamu ya udongo si aibu, na huenda ni mwili unaolalamika kwamba damu imepungua. Nenda kliniki upimwe damu. Meza vidonge vyako vya chuma kila siku kwa maji au maji ya ndimu, usivimeze kwa chai. Na udongo uuache pole pole mpaka uishe.

Maswali ya kuuliza barazani

Siku moja huenda mkaitwa barazani na kuambiwa kuna mradi unaohusu nuklia, hapa Pwani au kwingineko. Usikubali kwa sababu ya ahadi ya kazi tu, wala usikatae kwa sababu ya uvumi tu. Simama uulize: Taka zitapozwa wapi, na kwa miaka mingapi? Zitazikwa wapi mwishowe, katika mwamba gani, kina gani? Ni nani aliyeuchunguza mwamba huo, na kwa muda gani? Fedha za kuzika zimewekwa wapi, ili kampuni ikiondoka zisiondoke nayo? Nani atatujulisha kukiwa na ajali? Asiye na majibu hayo, mwambie akayatafute kwanza, kisha arudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta wa namna hii watakaoujenga ni wajukuu wa wajukuu zako.

Kwa hivyo, mpenzi mama, tumalizie kwa kukumbushana. Udongo wa mfinyanzi hushika sumu. Chini sana ardhini, ukiwa mnene na haujaguswa, huo ni ulinzi. Tumboni mwa mjamzito, ni upungufu wa damu. Chuma usichokijua, mtoto asikiokote. Na swali la taka huulizwa kabla ya kujenga, si baada.

Mwambie jirani uliyoyasikia. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri.